Blanketi la Kumwita Thuo

Jumatatu, 2 Novemba 2020

Nimefungiwa! Mimi, mwalimu mstaafu, niliyefundisha nusu ya Burnt Forest kusoma, nimefungiwa chumbani mtaani Kimumu kama ndama mwenye kuhara. Majibu ya kipimo yamekuja kwa simu. Ninayo korona. Aliyeniambukiza namjua. Ni Mungai, mzee wa kanisa, aliyeimba besi ubavuni mwangu barakoa ikiwa kidevuni. Yeye hana hata mafua. Anaendelea kuimba.

Askari wangu ni Musimbi, mpangaji wa chumba cha pili, mhudumu wa afya wa kujitolea. Anaweka chakula juu ya stuli nje ya mlango, anagonga, anakimbia. Nimemwambia kwamba hata mbwa huangaliwa usoni anapolishwa. Akanijibu kutoka kwenye kamba za nguo kwamba mbwa hana maneno mengi, Guka. Huniita hivyo, babu, kwa Kigikuyu.

Yote hayo ningeyavumilia kama si jambo la Ciru. Ciru ni mwanangu wa pekee. Atajifungua wiki hii au ijayo, na picha ya hospitali imesema ni mvulana. Mvulana wa pili. Kwetu sisi Wagikuyu, mvulana wa kwanza ni wa baba yake baba, wa pili ni wa baba yake mama. Hilo si ombi. Ni zamu. Sina mtoto wa kiume. Shamba lilikwenda 2008, nyumba ikaenda na shamba, na mke wangu Wacera akafuata baada ya miaka mitatu. Kilichobaki ni jina, Thuo, na jina halina miguu. Lazima mtu alibebe.

Lakini Ciru ameolewa na Dennis, Mkalenjin, na wanaishi Chepkoilel kwa mama yake Dennis, Gogo Jepkemboi, yaani bibi kwa lugha yao. Kwao jina la ukoo haliji kwa zamu. Mtoto akizaliwa, kina mama wazee wanamzunguka na kuwaita marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Chafya! Nyumba ile ina watu wawili wenye digrii, na jambo zito namna hiyo linaamuliwa na pua!

Mjukuu wangu wa kwanza, Lenny, alipiga chafya kwa jina la marehemu baba yake Dennis. Mila zote mbili zikakubaliana na mimi nikapiga makofi kama mjinga. Sasa ni zamu yangu.

Nimempigia Gogo Jepkemboi. Nimemwomba kwa heshima Thuo naye aitwe. Akacheka kidogo. Akasema, "Mwalimu, sisi tunawaita waliotangulia. Wewe umetangulia?"

Nikasema bado.

Akasema basi nisiwe na haraka.

Nimekata simu bila kwaheri. Nitasema mtandao ulipotea.

Jumanne, 3 Novemba

Homa imeshuka. Hasira haijashuka. Nimezunguka chumba mpaka nikagonga goti kwenye sanduku, nikalipiga teke sanduku, nikaumia kidole. Sanduku likafunguka.

Ndani mna vitambaa vya Wacera. Alikuwa hatupi kitu. Gauni lake la maua ya buluu. Yunifomu ya kijani ya Ciru ya darasa la nne. Suruali yangu ya kufundishia, iliyotoboka pale mwalimu anapokalia. Fulana ya kampeni yenye uso wa mtu aliyetuahidi mashamba. Chini kabisa, ndani ya kopo la kakao, sindano zake na uzi.

Watu hawajui kwamba mimi hushona. Wacera alinifundisha katika kambi ya wakimbizi ya Showground, mwaka ule tulipolala kwenye hema. Nguo za msaada zilikuja zimechanika, naye akawa anazikata vipande na kuviunga kuwa blanketi za watoto. Wanaume wengine walicheza drafti. Mimi nilimtungia uzi, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mazuri kuliko yake. Baadaye nikashika sindano, nikiupa mlango wa hema mgongo ili Mungai, wa hema la pili, asione.

Leo nimekata vipande na kuanza kuviunga. Kijani na buluu. Buluu na suruali. Fulana nimeigeuza ndani nje, yule mtu asiniangalie. Nimeshona tangu chai mpaka jua likahama dirishani, na kwa muda huo wote sikumkumbuka Mungai hata mara moja. Nimekasirika nilipogundua.

Halafu, katikati ya mshono, akili ikafunguka. Babu yangu! Kwetu majina hupokezanwa. Mimi ni Thuo kwa sababu babu yangu alikuwa Thuo. Naye amekufa, tena amekufa kabisa, tangu enzi ya mkoloni. Nani awezaye kusema hajatangulia?

Nimempigia Gogo tena. Nikamweleza. Akasema ngoja amuulize Kogo Chepngetich, bibi kizee, shangazi wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mkubwa wao wote na ndiye anayeita. Jioni akanijibu. Wamekubali kumwita Thuo wa zamani, kwa sababu mimi ni mkwe na pia mgonjwa. Lakini atakuwa wa mwisho, baada ya watu wao wote.

Wa mwisho! Kama mgeni aliyeingia harusini kwa kufuata harufu ya pilau. Nikauliza ni nani wa kwanza. Akasema, nani mwingine, ni Mzee Songok.

Nimejidunga sindano.

Alhamisi, 5 Novemba

Songok! Nitaandika habari zake mara moja tu, ziishe.

Alikuwa babu yake Dennis na jirani yangu kule shambani. Ua wa michongoma ulitutenganisha, na kila mwaka ua ule ulikuja upande wangu kidogo. Miti haitembei. Ng'ombe wake alikula kabeji za Wacera, na alipoulizwa akasema ng'ombe hajui kusoma mpaka, mfundishe wewe mwalimu. Aliazima wilbaro yangu ya kubebea mbolea. Sikuiona tena. Aliicheka redio yangu kwa sababu nilisikiliza hotuba za bunge.

Januari ya 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilipoanza kuwaka, huyo huyo Songok akaruka ua akatuchukua mimi, Wacera na Ciru, akatuficha katika ghala lake la mahindi. Akakaa mlangoni na kiti chake, akipukuchua mahindi. Vijana wakaja na kumuuliza Wagikuyu wako wapi. Akawauliza kama mama zao wanajua walipo. Walimwogopa. Wakaenda. Lori la polisi lilipokuja kutuchukua, akamtupia Wacera blanketi lake la kijivu, kwa sababu kulikuwa na baridi.

Hapo ndipo aliponikosea zaidi. Nilikuwa na chuki nzuri, ya miaka mingi, iliyokomaa. Utamchukiaje mtu aliyekufunika kwa blanketi lake? Nimejitahidi. Amekufa tangu 2013 na bado najitahidi.

Na sasa anataka kurudi kupitia mjukuu wangu. Hapana! Wilbaro inatosha.

Kwa hivyo huu ndio mpango. Chafya lazima ije mwisho, Thuo anapotajwa, si kabla. Blanketi la viraka nalifanya zawadi ya mtoto. Katika kona ya kulia nitashona mfuko mdogo wa kitambaa chepesi, na ndani yake nitatia ugoro kidogo. Kiasi cha kutekenya tu. Nimewahi kusoma kwamba hata wao, zamani, bibi wazee waliikaribisha chafya kwa ugoro. Kwa hivyo si udanganyifu. Ni kufufua mila.

Nimempigia Ciru. Nimemwambia kwamba kwa desturi ya kale ya Wagikuyu, blanketi la babu hutandikwa juu ya mtoto wakati ule ule jina la babu linapotajwa, si kabla, kona ya kulia ikielekea usoni. Ciru akasema hajawahi kuisikia desturi hiyo. Nikamwambia ni ya kale sana. Ina umri wa saa mbili.

Blanketi la viraka linataka kitu cha katikati, kati ya uso na mgongo, ili lipate joto. Pamba sina, dukani siruhusiwi. Katika nyumba hii kuna kitu kimoja tu kinachofaa. Nimelitoa blanketi la kijivu la Songok, nikalikata, nikalifungia katikati kabisa, viraka juu yake na gunia jeupe la unga chini. Hakuna atakayemwona. Nampigilia mishono mifupi mifupi, ya karibu karibu. Inaniliwaza sana.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimeibiwa!

Leo nimefungua kopo langu la ugoro ili nipime. Nimenusa. Hakuna kitu. Nimenusa tena, pua ya kushoto, pua ya kulia. Ni kama kunusa mchanga wa barabarani. Ugoro umekufa!

Nimempigia Gikonyo, mwenye kibanda karibu na geti, aliyeniuzia. Nimemwambia ameniuzia majivu. Gikonyo akaapa kwa marehemu mama yake kwamba ugoro huo umesagwa juzi na umemtoa machozi mzee mzima wa mtaa wa Huruma. Nikamwambia mzee wa Huruma hulia kwa mengine. Tumetukanana kwa adabu. Mwishowe amekubali kunitumia mwingine, mkali zaidi, kwa kuutupa juu ya ukuta ukiwa ndani ya gazeti, maana Musimbi hapitishi ugoro kwa mgonjwa wa kifua. Ukaangukia kwenye beseni la nguo za Musimbi. Akaniletea mwenyewe, kwa koleo la makaa, na maneno mengi. Nikamwambia ni dawa ya nondo. Hilo lina ukweli ndani yake.

Nimeunusa huo wa pili. Hakuna kitu! Majivu tena! Nchi hii imeoza, hata ugoro hauaminiki.

Basi nikafanya hesabu ya mtu mwenye akili. Ikiwa ugoro ni dhaifu, kiasi kiongezwe. Nimetia kopo lote la kwanza. Nimetia na gazeti zima la pili. Mfuko umekuwa mnene kama mandazi. Nimeufunika kwa kiraka cha gauni la maua, nikaufunga kwa mishono mirefu, milegevu, ili kitambaa kipumue.

Chakula cha jioni kilikuwa omena, dagaa wa ziwani. Musimbi akasema ploti nzima inanuka. Mimi sikusikia harufu yoyote. Hata omena siku hizi ni wa bandia.

Jumatatu, 9 Novemba

Ciru amepiga simu. Gogo Jepkemboi anasema blanketi lolote linalotoka kwa mgonjwa wa korona litachemshwa kwanza, kisha liloweshwe kwenye dawa ya kufulia, kisha lipigwe pasi. Nimeuliza kama ni blanketi au ni jambazi. Ciru akasema, Baba, ni mtoto mchanga. Akasema nisijali kuhusu jina, mambo yote yatakuwa sawa. Watoto huwaambia wazee "yatakuwa sawa" wakiwa wamekwisha kuamua vingine. Sikumsikiliza.

Kuchemsha! Supu ya ugoro! Nimefikiri kwa kasi. Nimeutoa ule mfuko kwa wembe. Nimempa Musimbi blanketi tupu kupitia dirishani, akalichemsha yeye mwenyewe katika sufuria yake ya githeri, ya kupikia mahindi na maharagwe, akaliosha kwa dawa, akalianika. Likakauka. Akalirudisha nilikague mishono, hivyo nilimwambia. Nikafunga dirisha, nikanawa mikono, nikavaa barakoa, nikaushona mfuko mahali pake. Nikalitoa tena. Musimbi akampigia Gogo simu, akamthibitishia kwa jina la Mungu na la serikali ya kaunti kwamba limechemshwa mbele ya macho yake.

Shahidi mwaminifu ni yule asiyejua kitu.

Dennis amekuja na pikipiki kulichukua. Amelishika kwa glavu, akalitazama muda mrefu. Akapaza sauti kutoka getini, "Mzee, hii umeshona wewe?" Nikamjibu ni fundi mmoja. Akasema fundi huyo ana mkono. Nikafunga pazia. Macho yalikuwa yanawasha, lazima ni ule ugoro.

Jumanne, 10 Novemba

Amezaliwa! Mvulana, alfajiri, mzito, ana mapafu. Ciru ni mzima. Mungu ni mwema, ingawa bado nina neno naye kuhusu Mungai.

Jina la kawaida, la kuandikwa kwenye cheti, bado halijatangazwa. Sherehe ya chafya ni Ijumaa, watu wachache kwa sababu ya korona, na Dennis atanionyesha kwa simu.

Habari moja tu imeniudhi. Gogo hakutosheka na ushahidi wa Musimbi. Ameliweka blanketi langu juani, juu ya mabati, lichomwe na jua mpaka Ijumaa. Ciru akasema limekauka mpaka linalia kama karatasi. Lione! Kazi ya mikono yangu imeanikwa juu ya mabati kama mboga za kukausha.

Lakini sina wasiwasi. Jua haliwezi kuuharibu ugoro uliokwisha kufa.

Ijumaa, 13 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi Dennis alipiga simu ya picha. Nilikuwa nimevaa koti na tai. Sebule ya Chepkoilel, madirisha wazi. Ciru amekaa kwenye kochi na mtoto mapajani. Mbele yake kina mama wazee wanne, barakoa kidevuni kama Mungai. Gogo Jepkemboi katikati. Na Kogo Chepngetich, mdogo, mkavu, macho kama ya kuku, ndiye anayeita.

Akaanza na Songok. Aliita taratibu, kwa lugha yao, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mtoto kimya. Nikafurahi mpaka nikajiuma ulimi. Akamwita mwingine, na mwingine. Mtoto alipiga mwayo kwa mmoja, wakabishana kama mwayo unahesabiwa. Haukuhesabiwa. Wakaita mpaka watu wao wakaisha. Kogo Chepngetich akapangusa midomo, akatazama simu, akasema kwa Kiswahili ili nisikie, "Sasa huyu wa Mwalimu."

Ciru akasema, "Kina mama, kuna blanketi la desturi."

Nikasimama. Peke yangu chumbani, nikasimama wima.

Na hapo ndipo mwanamke yule aliponimaliza. Gogo Jepkemboi alilichukua blanketi, na kwa sababu lilikuwa limekaa nje juu ya mabati, akafanya lile ambalo kila mama mwenye akili hufanya kabla ya kumfunika mtoto kwa kitu kilichotoka nje. Akageuka upande wa mlango, mbali na mtoto, na akalikung'uta. Mara moja. Kwa nguvu zote za mtu aliyelima ngano.

Kiraka cha gauni la maua kilifunguka. Nilikishona kilegevu mno.

Nilidhani simu imeharibika. Kila kitu kikawa kahawia. Kisha zikaanza chafya. Gogo ya kwanza, kama mlango uliobamizwa. Kisha bibi wa kulia, wa kushoto, Dennis, simu ikaanguka, nikabaki naangalia dari na kusikiliza. Mtu akalia korona! Korona imeingia! Jirani aliyekuwa anachungulia akatoka mbio, nikasikia mlango wa chuma. Lenny alikuwa anacheka. Katika kelele hizo zote nilikuwa nakaza sikio kusikia chafya moja ndogo, na nilikuwa napaza sauti kwenye simu, "Thuo! Semeni Thuo! Thuo!"

Mtoto kimya. Amelala! Ciru alikuwa amekwisha kumkimbiza mpaka dirishani.

Kogo Chepngetich peke yake hakukimbia. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu. Akasema, "Hii si korona. Hii ni ugoro. Tena mzuri."

Halafu sauti ya Gogo Jepkemboi, imejaa mafua na hasira, ikipanda juu mpaka kwenye dari niliyokuwa naiangalia. "Songok! Songok wee! Njoo umwone huyu mtu uliyemficha kwa ghala! Njoo uone vile anakurudishia!"

Na mtoto akapiga chafya.

Moja. Ndogo. Safi kama nukta.

Halafu vigelegele. Zile chafya na vigelegele, pamoja. Mtu akaikanyaga simu.

Jumamosi, 14 Novemba

Ciru amepiga. Hakuanza na salamu. Ciru akikasirika huniita Mwalimu Thuo, na leo ameniita hivyo mwanzo mpaka mwisho.

Mtoto hana shida, kliniki wamemwangalia. Ile desturi ya Wagikuyu amewauliza wazee wawili wa kanisani, mmoja wao Mungai, na hakuna aliyewahi kuisikia. Kumuuliza Mungai! Hilo sikulitarajia kutoka kwa damu yangu.

Kisha akaniambia lililobaki, polepole, kama anayemsomea mtoto asiyeelewa. Jina la chafya ni moja. Jina la cheti cha kuzaliwa, la shuleni, la kuitwa na watu kila siku, ni lingine. Hilo Gogo Jepkemboi alikwisha kulichagua tangu mwezi wa tisa. Alimwambia Dennis kwamba mtu aliyepoteza shamba asipoteze na jina. Mtoto aitwe Thuo. Alitaka kuja kuniambia mwenyewe nikitoka karantini, na mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu. Ndiyo maana alicheka siku ile niliyopiga simu. Na sasa anasema atafikiria.

Nilikaa kitandani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuambia usijali, Mwalimu Thuo. Ulisikia?"

Masharti ya Gogo ni haya. Nikitoka, niende Chepkoilel nikaombe msamaha mbele ya wale kina mama wote. Na nimshonee yeye pia blanketi, lake mwenyewe, kwa sababu lile, walipokwisha kulifua, ni zuri na mtoto hataki kulala bila hilo. Bila mifuko.

Kogo Chepngetich naye ametuma salamu. Anauliza ugoro ule naununua wapi.

Mtoto anataka kulala na lile blanketi! Bila shaka anataka. Songok yumo. Nilimkata kwa mkasi wangu mwenyewe, nikamfungia katikati, nikampigilia mishono ya karibu karibu asitoke. Nimemfunika mjukuu wangu kwa blanketi la Songok, kwa mikono yangu, na kisha nashangaa ni nani aliyekuja!

Nimepiga lile sanduku teke. Kidole kile kile.

Jumatatu, 16 Novemba

Musimbi amenipima joto, akasema niko huru kutoka ifikapo Jumatano. Akaniuliza kama nimejifunza jambo. Nikamwambia nimejifunza kuchagua majirani.

Pua imerudi! Asubuhi nilisikia harufu ya omena kupitia ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaishukuru. Kisha nikakumbuka kopo la Gikonyo. Lilibaki vumbi kidogo pembeni. Nikalisogeza puani. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa chini. Gikonyo ni mtu mwaminifu. Sitamwambia.

Nimeanza blanketi la Gogo. Gauni la maua limebaki kipande, yunifomu ya Ciru kipande. Kwa katikati nimetumia ukanda uliobaki wa lile la kijivu. Nilipoushika ulikuwa bado na harufu ya ghala, mahindi makavu na moshi wa mbali, na Wacera akinishika mkono gizani tusikohoe. Nimeshona safu tatu bila kumkasirikia mtu. Halafu nikapiga chafya. Nilikuwa nikimtaja nani wakati huo, sitaandika.

Msamaha nitaomba. Nimeuandika kwenye karatasi, ni mfupi na una heshima. Jina la cheti litakuja, Gogo si mtu mbaya, ingawa hukung'uta kwa nguvu mno.

Lakini jina la cheti ni la serikali. La chafya ni la damu. Nikampigia Kogo Chepngetich kumpa namba ya Gikonyo, na katika mazungumzo, hivi hivi tu, nikamuuliza kama mtoto anaweza kupiga chafya mara ya pili akachukua jina la pili. Akafikiri. Akasema hajawahi kusikia ikikatazwa.

Haijakatazwa!

Sasa tazama. Jumamosi nitasimama mbele yao kuomba msamaha. Gogo atakuwa amekaa, mtoto mapajani, blanketi jipya magotini. Na msamaha wangu, kwa adabu zote, unaanza na maneno, "Mimi, Thuo." Kona ya kushoto bado sijaifunga. Mfuko mdogo tu. Mdogo kama ukucha.

Kosa la kwanza lilikuwa kipimo. Safari hii nitapima kwa pua.